Harufu ya Ngozi Haitoki Kwenye Ngozi

Ngozi mbichi ya ng'ombe iliyotandazwa juani nje ya machinjio ya Bunda haina harufu ambayo mtu angependa kujipaka shingoni. Katika saa za mwanzo hunuka damu na mafuta. Bakteria wakishaanza kazi yao hunuka uozo, na mnunuzi mzoefu hutambua kwa pua peke yake kwamba thamani yake imekwisha kushuka. Hata hivyo, miongoni mwa manukato ya kike yaliyosifiwa sana katika karne ya 20 limo kundi zima linaloitwa manukato ya ngozi. Wanawake wa Paris, na baadaye wa miji mingine mingi, walilipa fedha nyingi ili wanukie ngozi. Ni ngozi ipi hiyo, ikiwa ile ya Bunda hainukii hivyo?

Swali hili linafaa kuulizwa katika darasa la kemia, kwa sababu jibu lake linapita njia ambayo wachache wangeitazamia. Linaanzia kwenye moto wa kuni, linapita kwenye lami ya makaa ya mawe na dawa ya malaria, na mwisho linamrudia mwanamke anayebanika samaki kwenye mwalo wa Musoma.

Kitu kizito hakinukii

Ili kitu kitoe harufu, sehemu yake lazima iondoke, isafiri hewani na iingie puani. Molekuli zinazoweza kufanya safari hiyo ni ndogo. Kwa kawaida uzito wake wa molekuli hauzidi 300 hivi. Sasa na itazamwe ngozi. Sehemu yake kubwa, ukiondoa maji, ni protini iitwayo kolajeni, ambayo nyuzi zake zimesokotwa kama kamba. Molekuli moja ya kolajeni ina uzito wa karibu 300,000. Kitu kizito namna hiyo hakiruki. Hubaki mahali pake hadi kioze, na kinachonuka wakati huo ni vipande vidogo ambavyo bakteria wamevikata kutoka kwenye protini na mafuta.

Mwanafunzi wa Butiama anaweza kulithibitisha jambo hili bila maabara. Katika sehemu hiyo alikozaliwa Mwalimu Nyerere mwaka 1922, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Mkoa wa Mara, watu wa vizazi vilivyopita walivaa ngozi na kulalia ngozi, na hadi leo ngoma na litungu huwambwa kwa ngozi ya mnyama. Mtu akiisogeza pua kwenye ngoma kuukuu iliyokauka vizuri, atasikia harufu ya vumbi, ya jasho la mikono na, mara nyingi zaidi, ya moshi wa nyumba ilimotundikwa. Ngozi yenyewe karibu haisemi neno.

Hata ngozi iliyotengenezwa kiwandani haipati harufu yake kutoka kwa mnyama. Ili isioze, nyuzi za kolajeni lazima zifungamanishwe. Kazi hiyo hufanywa na chumvi za kromi au na tanini, yaani vitu vichungu vilivyomo katika magome ya miti kama miwati inayolimwa Njombe. Tanini pia ni nzito, hairuki. Inayonukia ni mafuta yanayopakwa baadaye ili kuilainisha ngozi, pamoja na mabaki mepesi ya gome na ya moshi.

Warusi walilijua jambo hili kwa vitendo kabla ya kemia kulieleza. Ngozi yao iliyokuwa na sifa Ulaya nzima ililowekwa katika maji ya magome, kisha ikapakwa mafuta ya lami iliyopatikana kwa kuchoma gome la mti wa betula katika chombo kisichoingiza hewa nyingi. Mafuta hayo yalizuia maji, ukungu na wadudu, na ndiyo yaliyotoa ile harufu kali ya moshi iliyokuja kuitwa "ngozi ya Kirusi". Mwaka 1786 meli iitwayo Metta Catharina, iliyokuwa imebeba ngozi za namna hiyo kutoka St Petersburg, ilizama katika ghuba ya Plymouth, Uingereza. Wazamiaji waliigundua mwaka 1973. Ngozi zilizokuwa zimefunikwa na tope kwa karibu miaka 190 zilikutwa nyingi zikiwa nzima, zikasafishwa, na mafundi wakashonea viatu na mikoba.

Moto wa Musoma

Katika mialo ya Musoma, na katika vijiji vya Bunda vilivyo kandokando ya Ziwa Victoria, samaki wasiouzwa wabichi hukaushwa kwa jua au hubanikwa kwa moshi. Kuni zinazotumika humo zimejengwa kwa vitu viwili vikubwa: selulosi, ambayo ni nyuzi, na lignini, ambayo ni kama saruji inayozishika nyuzi hizo. Joto la moto huivunja lignini katika vipande vidogo vingi. Kimojawapo ni gwayakoli, fenoli yenye uzito wa molekuli 124, na hiki ndicho kinachoupa moshi sehemu kubwa ya harufu yake. Fenoli za moshi huua bakteria, na hii ni sababu mojawapo ya samaki aliyebanikwa kudumu kuliko mbichi. Ndiyo sababu pia wafugaji wengi wa Afrika Mashariki hukisugua kibuyu cha maziwa kwa kijinga cha moto kabla ya kukijaza.

Gwayakoli hiyohiyo, pamoja na ndugu zake wa jamii ya fenoli, imo katika lami ya betula. Kwa maneno mengine, kile ambacho mteja wa Paris alikiita ngozi, mtoto wa Musoma angekiita sangara wa kubanikwa. Hakuna kati yao anayekosea. Mwaka 1991 wanasayansi wawili wa Marekani, Linda Buck na Richard Axel, walitangaza kwamba wamezipata jeni za vipokezi vya harufu, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Binadamu ana aina zipatazo 400 za vipokezi hivyo. Molekuli moja huamsha vipokezi kadhaa, na ubongo husoma mchanganyiko wa vilivyoamshwa kama vile msomaji anavyosoma neno. Jina la neno hilo hutolewa na kumbukumbu: aliyekua kati ya hatamu za farasi na mikoba hupata ngozi, aliyekua mwaloni hupata samaki.

Jengo la manukato

Moshi peke yake haukuwa manukato ya kuvaliwa. Ulihitaji mahali pa kuketi, na mahali hapo palipatikana katika mtindo uitwao shipre. Jina limetokana na manukato "Chypre", ambalo ni jina la kisiwa cha Saiprasi kwa Kifaransa, yaliyotolewa na François Coty mwaka 1917. Vitu vinavyoujenga mtindo huo si vigumu kuvitaja. Mwanzo kuna mafuta ya ganda la bergamoti, tunda la jamii ya ndimu linalolimwa kusini mwa Italia. Katikati kuna asumini na waridi. Chini kuna labdanamu pamoja na kiumbe kinachoota juu ya gome la mti uitwao mwaloni (mti huo wa Ulaya hauna uhusiano wowote na mwalo wa samaki). Kiumbe hicho si jani wala mmea wa kawaida. Ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja na kulishana, na harufu yake hukumbusha msitu uliolowa mvua.

Labdanamu ina habari ambayo wafugaji wa Mara wangeifurahia. Ni utomvu unaonata wa kichaka cha nchi za Bahari ya Mediteranea. Mbuzi wakila kichaka hicho, utomvu huwaganda ndevuni, na katika zama za kale wachungaji waliuchana kutoka humo na kuuza. Herodoto, Mgiriki aliyeandika katika karne ya 5 kabla ya Kristo, alistaajabu kwamba kitu kinachonukia vizuri hivyo hutoka mahali panaponuka vibaya kuliko pote, yaani kwenye ndevu za beberu.

Mpangilio wa mwanzo, kati na chini si urembo wa maneno. Ni mpangilio wa kasi ya kugeuka mvuke. Molekuli za ganda la bergamoti huondoka katika dakika chache, za maua katika saa kadhaa, na zile za utomvu hubaki kwenye nguo hata siku ya pili. Mtengenezaji wa manukato kwa hiyo hatungi harufu moja. Hutunga mfuatano, na lazima ajue nani ataondoka lini.

Mwanamke aliyeutumia ujuzi huo kwa ujasiri mkubwa alikuwa Germaine Cellier, aliyezaliwa Bordeaux mwaka 1909 na kusomea kemia. Katika kazi iliyokuwa imeshikwa karibu yote na wanaume, yeye alitengeneza manukato "Bandit", yaliyotolewa mwaka 1944 kwa jina la mbunifu wa mavazi Robert Piguet. Ni shipre ya ngozi, chungu na kavu, isiyojaribu kumpendeza kila mtu, na ilikusudiwa wanawake. Mwaka 1959 Bernard Chant alitengeneza "Cabochard", ya ukoo huohuo na ya kike pia. Miaka michache baadaye mtu huyohuyo alitengeneza "Aramis", inayofanana nayo sana, ikauzwa kwa wanaume. Molekuli hazikubadili tabia zake njiani. Kilichobadilika zaidi ni maandishi ya chupa na mahali pake dukani.

Pete mbili

Cellier hakutegemea moshi tu. Alitumia, kwa kipimo kikubwa kuliko ilivyokuwa desturi, kemikali iitwayo isobutili kwinolini, na hapa ndipo manukato yanapokutana na zahanati.

Mwaka 1834 mkemia Mjerumani Friedlieb Runge aliipata kwinolini katika lami ya makaa ya mawe. Mwaka 1842 Charles Gerhardt, Mfaransa, aliipata tena kwa njia nyingine: alichemsha pamoja na magadi makali vitu vichungu vya gome la mti wa mkwinini, ule unaotoa dawa ya kwinini, na jina la kwinolini limetokana na gome hilo. Muundo wake ni rahisi kuchora. Pete mbili za pembe sita zimeshikana kwa ubavu mmoja, kama vyumba viwili vya sega la nyuki, na kwenye kona moja naitrojeni imekaa mahali pa kaboni. Fomula yake ni C9H7N, uzito 129. Pete hizo mbili ndizo kiini cha kwinini, cha klorokwini, cha amodiakwini na cha primakwini. Klorokwini ilikuwa dawa ya kwanza ya malaria nchini Tanzania hadi mwaka 2001, ilipoachwa kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea. Watu wazima wa Mara, mkoa wa kandokando ya ziwa ambako malaria haijawahi kuwa habari ya mbali, wanaukumbuka uchungu wake ulimini.

Pete hizohizo zikiondolewa mikono yote ya dawa na kupewa mkono mmoja tu wa kaboni nne, hupatikana isobutili kwinolini, C13H15N, uzito 185. Haitibu kitu. Lakini ni nyepesi kiasi cha kuruka na nzito kiasi cha kukawia, nayo hunukia ngozi, mizizi na majani machungu. Mwanafunzi azingatie jinsi mkono mdogo unavyoamua kazi ya molekuli nzima: ukiwa hivi ni dawa, ukiwa vile ni manukato. Wala asidhani kwamba manukato hayo yangemfukuza mbu au kumponya mgonjwa. Undugu wa molekuli si urithi wa kazi.

Wanyama wa mawe na wa usiku

Kabla ya viwanda vya kemikali kukua, upande wa mnyama katika manukato ya ngozi ulitoka kwa wanyama kweli, na wawili kati yao wanaishi Serengeti, ambayo ukanda wake wa magharibi unafika karibu na ziwa upande wa Bunda. Wa kwanza ni fungo, ambaye wengine humwita ngawa. Tezi zilizo karibu na mkia wake hutoa zabadi, kitu chenye kunata kilichouzwa kwa karne nyingi, hasa kutoka Ethiopia. Mwaka 1926 Leopold Ružička alionyesha kwamba kiini cha harufu ya zabadi ni pete ya kaboni 17. Wakemia wengi wakati ule waliamini kwamba pete kubwa kiasi hicho haiwezi kudumu. Ružička alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1939, na leo watengenezaji wengi wa manukato hutumia zabadi ya maabara, jambo ambalo fungo wanaofungwa vizimbani wangelishukuru kama wangejua.

Wa pili ni pimbi. Pimbi wa mawe hukojoa na kunya mahali pamoja, kizazi baada ya kizazi, hadi mkojo na mavi yanaganda na kuwa kama jiwe jeusi. Huko Afrika Kusini jiwe hilo huokotwa na kuuzwa kwa watengenezaji wa manukato, kwa kuwa harufu yake inakaribia ile ya ngozi na ya zabadi. Katika hifadhi ya taifa, kama ilivyo Serengeti, ni marufuku kuokota kitu cha namna hiyo.

Jaribio la darasani

Vipande vitatu vya karatasi isiyo na wino vinatosha. Cha kwanza kikamuliwe ganda la ndimu. Cha pili kisuguliwe kwa karafuu iliyopondwa. Cha tatu kishikwe kwa koleo, nje ya darasa, juu ya kijiti kinachofuka moshi bila mwali, hadi karatasi ianze kugeuka rangi. Kila kipande kiandikwe alama kwa penseli na kiwekwe mbali na vingine. Wanafunzi wanuse mara moja, baada ya dakika kumi, mwisho wa kipindi na asubuhi inayofuata, na majibu yaandikwe ubaoni.

Ndimu itatoweka kwanza, na hapo mwalimu anaweza kutega mtego mzuri. Limonini ya ndimu ina uzito wa 136, nayo gwayakoli ya moshi ina 124. Kama uzito ungekuwa ndio sheria pekee, moshi ungetangulia kuondoka. Lakini limonini huchemka kwenye nyuzi 176 za Sentigredi na gwayakoli kwenye 205, kwa kuwa gwayakoli ina kundi la oksijeni na haidrojeni linaloshikamana na molekuli jirani pamoja na selulosi ya karatasi. Tena moshi hauleti gwayakoli peke yake. Huleta lami nzito inayoishika. Ujenola ya karafuu, yenye uzito wa 164 na kiwango cha kuchemka cha 254, iko upande wa wanaokawia.

Kile ambacho pua haioni

Moshi una kitu kingine ambacho pua haikitambui. Kuni zikiungua bila hewa ya kutosha, au mafuta ya samaki yakidondokea makaa, pete za kaboni hujiunga moja kwa moja na kuwa pete nyingi zilizoshikana. Benzopaireni ina pete tano, C20H12. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka katika kundi la kwanza, yaani miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu bila shaka. Haina harufu ya kumwonya mtu.

Lami ghafi ya betula ina benzopaireni pia. Kwa hiyo kanuni za kimataifa za watengenezaji wa manukato hazikubali itumike ikiwa ghafi; lazima isafishwe hadi benzopaireni na jamaa yake wa karibu wasizidi kwa jumla sehemu moja katika bilioni ya manukato yaliyo tayari. Hata kile kiumbe cha gome la mwaloni kimedhibitiwa: mwaka 2017 Umoja wa Ulaya uliamua kuzipiga marufuku atranoli na kloroatranoli zilizomo ndani yake, kwa sababu huwasha ngozi za baadhi ya watu. Na samaki wa moshi anayeuzwa Ulaya, tangu mwaka 2014, haruhusiwi kuwa na zaidi ya maikrogramu 2 za benzopaireni katika kilo.

Mvaaji wa manukato amelindwa, na mlaji wa Ulaya amelindwa. Anayesimama juu ya moto wa kichanja, akigeuza samaki kwa mkono huku amefumba jicho moja, hupimiwa na nani? Moshi anaouvuta kwa saa kadhaa kila siku ni mwingi kupita kiasi ukilinganishwa na tone moja la nyuma ya sikio.

Dawa ya jambo hili ni ya kiufundi, wala haitaki mitambo ya ajabu. Huko Thiaroye, Senegal, wataalamu wa uvuvi wakishirikiana na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa walitengeneza tanuri ambamo trei huwekwa kati ya samaki na makaa ili kukinga mafuta yanayodondoka. Samaki huivishwa kwanza kwa makaa yasiyotoa moshi, kisha moshi hutengenezwa kando na kupelekwa kwake ukiwa umepoa, na mbanikaji hafunikwi nao. Benzopaireni hupungua sana, kwa kuwa huhitaji joto kali kuundwa. Gwayakoli hupatikana katika joto dogo zaidi. Hiyo hubaki, na mnunuzi humkuta samaki wake na harufu ileile aliyoizoea.